Umelala bila kula, umeamka na 8.8: hio sukari imetoka wapi?

Ndugu mmoja wa Kisauni kaniandikia, nimemfupishia kidogo tu:

"Asalam aleykum mwalimu. Mimi naendesha tuktuk, nna miaka 46, sukari nnayo mwaka wa tatu, nameza metformini asubuhi na jioni. Juzi nimekula mapema, saa moja usiku, kabla kulala nikapima nikapata 7.1. Asubuhi kabla hata ya kunywa maji napima naona 8.8. Sijatia kitu mdomoni usiku kucha! Hio sukari imetoka wapi? Halafu siku hio hio tuktuk ikanizimikia Bombolulu, mimi na jamaa tukaisukuma mpaka Kongowea kwa fundi, kama dakika 40, jasho mpaka miguuni. Nilipofika nikapima, 6.0, na dawa ya asubuhi nilikuwa sijameza. Sasa kama daktari asema insulini yangu haifanyi kazi, imeshukaje? Ama mashine mbovu? Na kuna mtu pale steji asema ati sukari ndio chakula cha saratani, hilo nalo ni kweli?"

Waaleykum salaam ndugu yangu, na pole kwa tuktuk. Mashine yako haina neno. Hizi za nyumbani hukubaliwa kukosea asilimia 15 hivi juu au chini, kwa hivo ukiona 7.1 na dakika mbili baadaye 7.5 usiitupe, lakini kutoka 8.8 kuja 6.0 huko si kukosea kwa mashine, hapo mwilini mwako kuna kitu kimefanyika na ndicho n'takachokwambia. Mie si daktari wa kuandikia watu dawa, nafundisha fiziolojia, yaani mwili unavyofanya kazi, mambo ya dawa utazungumza na kliniki yako, mie nafungua injini tu tutazame ndani.

Hebu kwanza tuiweke hio sukari kwenye mzani, manake hizi namba watu wazisoma kama alama za mtihani bila kujua ni za kitu gani. Ni milimoli za glukosi, yaani sukari ya damu, kwa kila lita. Mtu mzima ana damu kama lita 5. Asiyekuwa na ugonjwa wa sukari akiamka na 5, glukosi yote iliyomo kwenye damu yake yote ni kama gramu 4 na nusu, kijiko kimoja cha chai, basi, hicho ndicho kinachozunguka mwili mzima toka utosini mpaka unyayoni. Wewe na 8.8 yako ulikuwa na kama gramu 8. Na kati ya ile 7.1 ya usiku na 8.8 ya asubuhi, tofauti ndani ya damu ni gramu moja na nusu. Moja na nusu! Soda ya nusu lita ina hamsini na kitu.

Sasa skiza. Wewe ukiwa umelala, ini lako linaachia glukosi kwenye damu, kwa mtu wa kilo 75 ni kama gramu 9 kila saa. Usingizi wa saa 8 ni gramu 70 na zaidi zimepita kwenye damu yako na wewe wakoroma. Na ini halifanyi ukorofi, linafanya kazi yake, kwa kuwa ubongo haulali, ubongo peke yake hula kama gramu 120 kwa siku, 5 kwa saa hizo, na seli nyekundu za damu nazo hazina chakula chengine ila glukosi. Ini likigoma usiku mmoja tu wewe huamki. Kwa hivo "imetoka wapi" jibu lake jepesi, imetoka kwa ini, na ingetoka hata ungekaa na njaa siku tatu, glaikojeni, yaani glukosi iliyofungwa pamoja ikawekwa akiba, ikiisha ini hutengeneza glukosi mpya kwa vipande vya protini na vyengine. Damu si ghala, damu ni barabara. Swali lenye nyama ni jengine, ile sukari ilipotoka kwa ini mbona haikuingia ilikokuwa iingie?

Glukosi haipenyi yenyewe kwenye seli. Utando wa seli ni mafuta na glukosi yapenda maji, ukiimwagia ni kama maji juu ya samli, yateleza tu. Lazima kuwe na mlango, na mlango wenyewe ni protini iliyochomekwa kwenye utando, ukoo wake waitwa GLUT na binadamu anazo aina 14, lakini usihofu, leo twahitaji tatu tu. GLUT1 iko karibu kila mahali, seli nyekundu zimejaa hio, na ndio inayovusha sukari kutoka kwenye damu kuingia ubongoni. GLUT3 ni ya seli za ubongo zenyewe. Hizi mbili zakaa wazi usiku na mchana, haziulizi insulini iko ama haiko, na ndo maana ubongo wako wapata chakula hata insulini ikiwa chini. Ya tatu ni GLUT4, ya misuli, ya moyo na ya seli za mafuta, na fitina yote iko hapa, manake GLUT4 haikai mlangoni. Imefichwa ndani ya seli kwenye vifuko vidogo vidogo, na wakati umetulia hujala kitu, hata moja kwa kumi ya hizo GLUT4 haiko juu kwenye utando.

Utasikia kila mahali kwamba insulini ni ufunguo na seli ni nyumba iliyofungwa. Mie mfano huo siupendi, wallahi, umenipotezea wanafunzi miaka na miaka, kwa sababu ufunguo waingia kwenye mlango uliopo. Insulini haiugusi mlango hata kwa bahati mbaya. Wewe mtu wa Mombasa, fikiria Likoni. Abiria wamefurika upande wa kisiwani, feri inayokwenda na kurudi ni moja, zilizobaki zimeegeshwa kando zimelala. Insulini, homoni itokayo kwa kongosho, ni yule anayepiga simu, jamani tieni moto, leteni zote majini. Abiria ni wale wale, maji ni yale yale, kilichobadilika ni idadi ya feri. Insulini ikishika seli ya misuli, ndani ya dakika chache tu vile vifuko vyasogea, vyaungana na utando, GLUT4 zatokea juu na sukari yaanza kuvuka. Insulini ikishuka zavutwa ndani tena, tayari kwa mlo mwengine.

Na hili halikujulikana zamani. Insulini ilipatikana Toronto 1921, Banting na Best, na kijana wa kwanza kudungwa, Leonard Thompson wa miaka 14, ilikuwa Januari 1922. Ikaokoa watu, lakini yafanya nini hasa? Karibu miaka 30 mabingwa wakibishana, wengi wakiamini kazi yake ni kuharakisha kuchomwa kwa sukari ndani ya seli. 1949 kule Chicago Rachmiel Levine na wenzake wakafanya ujanja mmoja mzuri sana. Walichukua galaktosi, sukari nduguye glukosi ila misuli haina cha kuifanyia, wakawapa mbwa waliotolewa ini na figo, halafu wakatia insulini. Galaktosi ikatoka kwenye damu ikaingia mwilini. Haichomwi, haitumiki, na bado imeingia! Basi kazi ya insulini iko pale kwenye kuvuka, si kwenye moto wa jikoni. Kisha 1980 makundi mawili Marekani, Cushman na Wardzala huku, Suzuki na Kono kule, bila kuambiana, wakachukua seli za mafuta za panya wakazitenganisha vipande vipande, wakakuta insulini ikitiwa milango yahama kutoka ndani kuja juu. Hadithi hii nikifika darasani huwa napitisha muda mpaka wanafunzi waanza kuangalia saa.

Hio simu ya insulini hupita mikono mingi. Nje ya seli kuna kipokezi, insulini ikikikalia upande wake wa ndani waamka na kumtia fosfati, kipande cha kemikali cha kuwasha ama kuzima protini, mjumbe aitwaye IRS, IRS ampa PI3K, PI3K amwamsha mwengine aitwa Akt, na mwisho wa foleni yuko TBC1D4. Huyu TBC1D4 ni breki, kazi yake ni kuvizuia vile vifuko visitoke. Akt ikimfikia yamtia fosfati, breki yaachia, feri zang'oa nanga. Majina mengine yote waweza kuyasahau ukishamaliza kusoma lakini la breki lishike, tutarudi kwake. Na glukosi ikishaingia tu kuna kimeng'enya, heksokinasi, chaitia fosfati papo hapo, na ikishatiwa haina njia ya kurudi nje. Kuivua hio fosfati yataka kimeng'enya ambacho misuli haina, ini linacho, na figo pia. Kwa hivo sukari iliyozama kwenye paja lako ni ya paja, itatumika hapo ama itawekwa akiba hapo hapo, misuli yako yote yaweza kushika kama gramu 400 za glaikojeni na ini kama 100. Waona ghala kubwa liko wapi? Mtu akiwa na insulini nyingi kwenye damu, sehemu kubwa kabisa ya sukari inayoondoka huenda kwenye misuli. Na sasa nifikirie dereva ambaye misuli yake imekaa juu ya kiti toka saa kumi na mbili asubuhi.

Daktari alipokwambia insulini yako haifanyi kazi hakukosea, ila kafupisha, na mie namwelewa, foleni yenyewe kliniki yafika getini. Mtu mwenye sukari ya aina ya pili mara nyingi insulini anayo, miaka ya mwanzo hata yazidi ya mtu mzima wa afya. Simu yapigwa, lakini laini ina kelele. Mafuta yakijazana ndani ya seli za misuli na ini, vipande vyake huamsha kinasi, yaani vimeng'enya vya kutia fosfati, zinazomtia IRS fosfati mahali pasipofaa, ujumbe wafifia njiani, ukifika kwa Akt umekuwa mnong'ono, breki haiachii sawasawa. Kongosho laona sukari haishuki, lapiga simu kwa sauti zaidi na zaidi, na baada ya miaka nalo lachoka. Lakini feri zenyewe, hapa ndo nataka unisikilize, feri zenyewe ziko. Ukichukua kipande cha msuli wa mtu mwenye sukari ya aina ya pili ukahesabu GLUT4, hazipungui sana na za mwenzake asiye na sukari. Hazikuharibika, hazijaitwa.

Huyo bwana breki ana kisa chake. 2014 ilitoka kazi moja kuhusu watu wa Greenland, huko kwenye barafu, wakakuta asilimia 17 ya nakala za jini ya TBC1D4 kwao zina kasoro, na aliyerithi kwa baba na kwa mama, hatari yake ya kupata sukari ni kama mara 10 ya mwenzake. Utasema breki ikikatika si feri zingekwenda mbio zaidi? Hata mie ndivo nilivodhani nilipoisoma mara ya kwanza, kumbe msuli usiokuwa na protini hio waishia na GLUT4 pungufu. Lakini kinachokuhusu wewe ni hiki, watu hao sukari yao ya asubuhi kabla ya kula haiko juu, inayopanda vibaya ni ile ya saa mbili baada ya kunywa glukosi. Msuli ndio unaoamua baada ya chakula. Asubuhi na mapema mwenye kuamua zaidi ni ini.

Haya, tuje kwa tuktuk. Watu wengi wafikiri mazoezi hushusha sukari kwa sababu "umeichoma", na ni kweli umeichoma, lakini lazima iingie kwanza ndo ichomwe, na imeingiaje na simu ya insulini ina kelele? Jibu ni kwamba msuli unaofanya kazi wajipigia simu wenyewe. Ukisukuma, msuli watumia nishati, mabaki yake yaitwayo AMP yaongezeka, kuna kinasi inaitwa AMPK kazi yake ni kuchungulia hayo mabaki, yaamka. Kalsiamu nayo yamwagika ndani ya seli kila msuli ukijikaza, na hata kule kuvutwa na kunyooka kwenyewe ni ishara. Zote hizi zaja kuishia kwa yule yule breki TBC1D4 na nduguye TBC1D1, GLUT4 zapanda juu, bila kupita kwa kipokezi cha insulini wala kwa IRS wala kwa PI3K. Kelele zote za laini umeziruka. Usije ukanambia hii ni Dongo Kundu, ati barabara ya kuizunguka feri, la, feri ni zile zile ila aliyezipigia honi ni mwengine. Na watu wenye sukari ya aina ya pili wakipimwa, njia hii kwao inafanya kazi kama ya mtu yeyote. Ndo maana kutoka Bombolulu mpaka Kongowea, bila kidonge, umetoka 8.8 ukafika 6.0.

Kuna na faida ya pili ambayo hukuiona kwenye mashine. Baada ya kusukuma, misuli ile ile huwa mwepesi wa kusikia insulini mpaka siku nzima, pengine mbili. Na ukizoea kuitumikisha, yatengeneza GLUT4 zaidi, yaani feri mpya kabisa. Ukiacha wiki mbili tatu zapungua, mwili hauweki feri ambazo hazina abiria. Ila uelewe si kila jasho lashusha. Ukikimbia ghafla kwa nguvu zote kama mtu anayefukuzwa na mbwa, adrenalini yapanda, yaliambia ini limwage glaikojeni na yalizuia kongosho lisitoe insulini, ukipima hapo waweza kukuta imepanda. Ni ya muda tu, usiogope. Hata matatu ikikukatia njia pale Nyali Bridge ukanusurika, pima, utaona.

Sasa asubuhi. Usiku mwili wako hauko na insulini peke yake, kuna homoni nyengine zenye kuivuta kamba upande wa pili. Ya kwanza ni homoni ya ukuaji, na usidhani ni ya watoto tu, mtu mzima huitoa pia, wimbi lake kubwa laja saa za mwanzo za usingizi mzito. Hii hubomoa mafuta, asidi za mafuta zajaa kwenye damu, misuli yaanza kula hayo mafuta na kuiacha sukari, na athari yake yaendelea saa kadhaa baadaye. Kisha kotisoli, yaanza kupanda kama saa tisa usiku mpaka kufika kilele karibu na saa unayoamka, yaliambia ini litengeneze glukosi mpya na yazizuia GLUT4 zisipande. Glukagoni nayo kutoka kwa kongosho yafanya ya kwake kwa ini. Mtu asiye na sukari apitia haya haya kila alfajiri, tofauti ni kwamba kongosho lake laongeza insulini kidogo tu na mambo yatulia, yeye hajui hata kwamba kuna vita. Wewe kongosho lako limechoka na ini lako nalo halisikii insulini vizuri, kwa hivo zile gramu 9 kwa saa zimekuwa zaidi kidogo, misuli imekataa, na abiria wamekusanyika. Gramu moja na nusu, nshakwambia. Hakuna mchawi.

Muargentina mmoja, Bernardo Houssay, alipata Nobel ya 1947 kwa jambo hili hili. Alichukua mbwa waliotolewa kongosho, ambao sukari ilikuwa yawaua, akawaondoa na sehemu ya mbele ya tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, na sukari yao ikapungua ukali. Yaani hapo ndo ikadhihirika kuna kitu kutoka kichwani chapingana na insulini. Na hio kotisoli ndugu zake twawameza, predinisoloni, deksamethasoni, mtu adungwa sindano ya mzio ama ya pumu, siku mbili tatu sukari juu, ashangaa na alikula mkate mkavu tu. Ukipewa dawa hizo sema una sukari. Wajawazito pia, kondo la nyuma latoa homoni zake za kuifanya misuli ya mama isisikie insulini ili sukari imfikie mtoto, na mama ambaye kongosho lake halina akiba ndo apata sukari ya mimba.

Metformini unayomeza kazi yake kubwa iko kwa ini, kulipunguzia mwendo wa kutengeneza glukosi. Feri haizihusu sana. Kwa hivo wewe na dawa yako mwafanya kazi pande mbili tofauti, yeye yuko kwa ini, na upande wa misuli kama huendi wewe haendi mtu.

Na lile la saratani. Jamaa wa steji kasikia kengele lakini hajui mlio watoka msikiti gani. Hapa twaingia kwa vichocheo vya ukuaji, protini ambazo huziambia seli kua, gawanyika, ziba kidonda. Mmoja aitwa IGF-1, watolewa hasa na ini likiamrishwa na homoni ya ukuaji, na kinachochekesha ni kwamba umefanana na insulini kwa sura na kwa tabia, kipokezi chake ni kama pacha, na ndani ya seli wapita kwa wale wale PI3K na Akt. Mwaka 1963 watafiti waliona kwenye damu kuna kitu chafanya kazi ya insulini lakini ukitia kingamwili za kuzuia insulini hakizuiliki, miaka baadaye ikajulikana ndo huu. Mbona basi hautushushii sukari sote mpaka tuanguke? Kwa sababu karibu wote umefungwa kwenye protini za kuubeba, ulio huru ni kiasi kidogo mno.

Vichocheo vingine, kama vile vinavyomwagwa na chembe za kugandisha damu ukijikata kisu, havihangaiki na GLUT4. Vyenyewe huongeza GLUT1, ile ya wazi siku zote, na si kwa kuitoa tu ilikofichwa, huiamsha jini itengeneze nyengine mpya, kwa hivo yachukua saa nyingi na si dakika. Insulini ni ya mlo, hawa ni wa ujenzi. Na kuna jambo lilinishangaza nilipolisoma, seli za kinga ukizinyima vichocheo vyao ukaziacha ndani ya sukari tele, zaivuta milango ndani, zasinyaa na kufa njaa huku zimezungukwa na chakula. Seli yetu haina ruhusa ya kula kwa sababu chakula kipo, yala kwa sababu imeambiwa ile.

Saratani ni seli iliyojiambia yenyewe. Jini zake zimeharibika kiasi kwamba ule ujumbe wa "kua" unapigwa ndani kwa ndani bila mtu kuupiga, GLUT1 zajaa kwenye utando, sukari yafyonzwa vibaya sana. Mjerumani Otto Warburg aliliona hilo miaka ya 1920. Na madaktari hulitumia, kuna picha iitwayo PET, mgonjwa adungwa glukosi yenye mnururisho kidogo, inaingia kwa mlango lakini haiendelei mbele, sehemu zenye milango mingi zawaka kwenye picha. Na wajua mgonjwa aambiwa nini kabla ya picha? Usile saa kadhaa, na jana yake usifanye mazoezi ya nguvu. Ukila, insulini yapandisha GLUT4 na misuli yaiba ile dawa, ukisukuma tuktuk hali kadhalika, picha yaharibika. Kwa hivo ni kweli saratani yala sukari, lakini kusema ukiacha chai ya sukari ndo utaiua kwa njaa, hapana, ini lako lamwaga gramu 9 kwa saa na milango ya saratani haimsubiri mtu kula. Wewe punguza sukari kwa sababu ya macho na figo na miguu yako, sababu hizo zatosha.

Sasa la kufanya. Nimeona watu waogopa namba ya asubuhi wakaacha chakula cha usiku kabisa, na ini halijali, latoa vile vile. Chakula cha usiku kula, wali wa nazi uwe kiganja na si sinia, mbaazi na samaki viongeze, na ukishakula usiende moja kwa moja kwa godoro. Dakika 15 ama 20 za kutembea baada ya kula, hata kuzunguka mtaa tu, GLUT4 zapanda wakati ule ule abiria wanapofika. Mchana ukishusha abiria na hakuna foleni, toka kwa kiti, tembea mpaka mwisho wa steji na urudi. Mapaja na makalio ndo misuli mikubwa na wewe umeikalia.

Halafu nipimie usiku mitatu, kabla ya kulala, saa tisa usiku, na unapoamka, uziandike, stripu ni ghali najua ndo maana nasema mitatu tu. Ikiwa saa tisa ni 7 na asubuhi 8 na kitu, ni hizi homoni za alfajiri nilizokueleza, peleka karatasi kliniki waone kama dawa ya jioni yafaa kubadilishwa saa ama kiasi. Ikiwa saa tisa tayari iko 9 au 10, hio ni ya chakula cha jioni, tutazungumza kuhusu sinia. Na ukikuta chini ya 4, ambayo kwa metformini peke yake ni nadra lakini kama waliwahi kukuongezea glibenklamidi, dawa ya kulisukuma kongosho litoe insulini, bila wewe kulishika jina yawezekana kabisa, kunywa maji ya sukari hapo hapo, pima tena baada ya dakika 15, na kesho yake usipande tuktuk kabla hujapita kliniki na pakiti zote za dawa mkononi.